Sura ya Sita: Udi au Sandali?

Watu wanaosimama mbele ya kabati la muuza marashi, akiwa wa Darajani Unguja, au wa Mji wa Kale Mombasa, au wa Kariakoo Dar es Salaam, mara nyingi huuliza swali lisilohusu bei wala jina lililoandikwa juu ya chupa, bali linalohusu wakati: "Haya yote mawili ni mazuri, na yote yana harufu ya mti na ya viungo, basi nivae yapi lini?" Muuzaji, ambaye aghalabu ana wateja wengine wanaomsubiri, hujibu kwamba haya ni ya usiku na haya ni ya mchana, kisha huanza kufunga. Jibu hilo si la uongo, lakini ni kama shuka ya mtoto juu ya mtu mzima, ukifunika kichwa miguu hubaki nje. Kwa maana uko usiku unaotaka unyamavu, kama usiku wa matanga, na iko asubuhi inayotaka fahari, kama asubuhi ya Idd.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue chupa mbili na tuzishike mkononi mpaka mwisho wa sura hii. Ya kwanza ni mafuta ya udi yaliyotiwa zafarani na karafuu. Ya pili ni mafuta ya sandali yaliyotiwa iliki na mdalasini. Zote mbili huuzwa kwa tola, kipimo kilichotufikia kutoka India, ambacho ni gramu kumi na moja na ushei, na wengi wetu hununua robo yake tu. Zote mbili hukaa mwilini saa nyingi. Na zote mbili, zikivaliwa pasipo mahali pake, huweza kumgeuza anayenukia akawa anayenuka.

Kunuka na kunukia

Lugha yetu ina hazina hapa ambayo yafaa tuitazame kabla ya kuendelea. Kitenzi ni kimoja, mzizi ni mmoja, na tofauti ni silabi moja tu mwishoni; lakini kunuka ni aibu na kunukia ni sifa. Umbo la "kunukia" ni lile tunalolitumia tunaposema kumpikia mtu, kumwimbia mtu, kumfulia mtu, yaani tendo lililoelekezwa kwa mwingine. Sidai kwamba wazee waliotuachia neno hilo walikaa wakalipanga kwa makusudi hayo, walakini mimi kila nikilifikiri naona limesema kweli yote: harufu njema ni ile iliyomkusudia mtu fulani, ikamfikia kwa kadiri anayoitaka. Ikimpita kiasi, silabi ile moja imeanguka.

Basi "harufu ya mti", katika maneno ya wauza marashi, ni harufu itokayo katika kiini cha mti, gome, au utomvu wake mkavu, nayo hukaa sana. "Harufu ya viungo" ni ile ya karafuu, iliki, mdalasini, zafarani na basibasi, ambayo huwasha pua kidogo na kutia joto. Marashi yanayochanganya mawili hayo yanafahamika sana pwani kwetu, maana yamefanana na nyumba zetu: milango ya mti mgumu, na nyuma yake jiko lenye pilau.

Udi, mti uliojeruhiwa

Mti utoao udi huitwa Aquilaria, nao huota Assam na Burma, Thailand na Kambodia, Laos na Vietnam, Malaysia na visiwa vya Indonesia. Ajabu yake ni kwamba ukiwa mzima hauna harufu. Ubao wake ni mweupe, mwepesi, wala haufai kwa ujenzi wa maana. Lakini mti huo ukitobolewa na wadudu, au ukivunjika tawi, kisha ukungu ukaingia katika jeraha, hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi unaojaza nyuzi za ubao pale palipoumia, na kwa muda wa miaka sehemu hiyo huwa nzito hata ikitupwa majini huzama. Wachina waliupa jina kwa tabia hiyo, wakauita uturi uzamao. Sehemu hiyo iliyougua ndiyo udi, na sehemu iliyobaki na siha yake ni kuni tu.

Kwa kuwa jeraha halionekani daima kwa nje, wakataji wa zamani waliangusha miti mingi kuutafuta mmoja wenye kitu, na kwa sababu hiyo mwaka 1995 aina iitwayo Aquilaria malaccensis iliwekwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na baadaye aina nyingine zikafuata. Siku hizi mashamba ya miti hiyo yamepandwa, na wakulima huitoboa kwa makusudi. Mafuta mengi ya bei nafuu yauzwayo kwa jina la udi hayakupata kuuona mti, yametengenezwa maabara. Kuyavaa hayo si dhambi, maadamu muuzaji amesema kweli na bei imesema kweli.

Kwa Kiarabu *ud* ni ubao au kijiti, na ndiyo maana chombo cha nyuzi kipigwacho katika taarabu nacho ni udi. Huko Unguja, katika hafla za Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, mtu aweza kuusikia udi na kuunusa udi kwa wakati mmoja, na jina lisimpotee wala nafsi isishibe.

Harufu yenyewe ni nzito na yenye sura nyingi: mna utamu kama wa asali iliyokaribia kuungua, mna ngozi iliyotengenezwa, na mna kitu cha zizini ambacho mgeni hukikunjia uso na mwenyeji hukitafuta. Kiasi kidogo mno huhisiwa kutoka mbali. Zafarani huiongezea ukavu, na karafuu huipa makali ya kwanza. Hii ni harufu inayotangulia kuingia chumbani kabla ya mwenyewe, na kubaki kitini baada ya yeye kuondoka.

Sandali, mti usio na haraka

Msandali wa asili ya sifa zote, uitwao Santalum album, ni wa India ya kusini, hasa nchi ya Mysore, ambako Tipu Sultan aliutangaza mwaka 1792 kuwa mti wa kifalme, na ambako kiwanda cha serikali cha kukamua mafuta yake kilianzishwa mwaka 1916. Nao una tabia yake: mizizi yake hushikamana na mizizi ya mimea jirani na kunyonya sehemu ya chakula chake huko. Harufu imo katika kiini na katika mizizi, kwa hiyo hauvunwi kwa kukatwa shina, bali kwa kung'olewa mzima. Na kiini hicho hukua polepole, hata mtu anayeupanda huenda anampandia mwanawe.

Afrika Mashariki tuna msandali wetu, Osyris lanceolata, kichaka cha nchi kavu ambacho ni cha familia moja na ule wa Mysore, na harufu zao zinafanana. Uling'olewa kwa magendo kwa kadiri ya kuhuzunisha, mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya mkataba ule ule nilioutaja. Nasema haya kwa sababu anayenunua vipande vya sandali njiani, kwa mtu asiyeweza kueleza vimetoka wapi, huenda ananunua mzizi wa kilima kilichobaki uchi.

Sandali haina mfundo wala kishindo. Ni harufu laini, ya ubao na ya maziwa yaliyochemshwa, inayolala juu ya ngozi kama kitambaa kilichooshwa mara nyingi. Mama zetu waliijua kwa jina la liwa: kipande cha mti kikisuguliwa juu ya jiwe lenye maji kidogo au marashi ya waridi, hutoa uji mzito unaopakwa usoni, shingoni na mikononi, ukakauka ukaacha ubaridi. Huvukizwa na joto la mwili kidogo kidogo, ndiyo maana watengeneza itiri wa Kannauj, India ya kaskazini, waliupokea mvuke wa mawaridi ndani ya mafuta ya sandali: ua hupita upesi, sandali humshika mkono asiondoke.

*Kwa ufupi hadi hapa:* udi ni utomvu wa jeraha, mkali, unaotembea mbali. Sandali ni kiini cha mti, laini, kisichoondoka karibu na ngozi. Viungo vilivyotiwa ndani ya kila chupa huongeza nguvu ya mlango wa kwanza, lakini tabia ya nyumba ni ya mti.

Neno moja juu ya karafuu

Mpemba hahitaji kuelezwa karafuu. Hata hivyo wasomaji wa bara wapenda kujua kwamba mafuta ya karafuu hayatoki katika chembe zile kavu peke yake. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, kiwanda hukamua mafuta katika makonyo, yaani vijiti vinavyoshikilia karafuu kichalani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujinoli, ndicho kinachotia ganzi jino linalouma, na ndicho kinachounguza ngozi laini ikipakwa mafuta matupu. Kwa hiyo anayejitengenezea marashi nyumbani asithubutu kupaka mafuta ya karafuu peke yake mwilini. Tone moja katika kijiko cha mafuta mengine latosha.

Harufu ina hatua

Sasa tufike penye jibu. Mimi sipimi marashi kwa saa ya ukutani, bali kwa hatua za miguu. Najiuliza: mtu niliyemkusudia atakuwa umbali gani nami, na wale nisiowakusudia watakuwa umbali gani? Udi wa chupa yetu ya kwanza, matone mawili juu ya nguo, hufika hatua tano au sita. Sandali, matone mawili shingoni, hufika urefu wa mkono, na baada ya saa moja hufika kwa anayekukumbatia tu. Anayeyajua hayo mawili hana haja ya kuuliza mchana au usiku.

Twende na mifano. Harusi ya pwani, mathalani, ni mahali pa wengi, penye uwanja wazi au ukumbi mkubwa, vyakula vya viungo, jasho, maua ya asumini na vikuba. Harufu dhaifu hufa humo kama taa ya kibatari juani. Huko udi ni wake. Wala si mafuta tu: nguo hutandikwa juu ya tenga lililofunikia chetezo, makaa yakatiwa vipande vya udi, au ule udi upikwao nyumbani kwa sukari na marashi, na moshi ukapenya katika nyuzi hata kanzu ikafuliwa mara ya pili bado ina kumbukumbu. Ndugu zangu wanaume wanaopenda kujimiminia chupa nzima dakika ya mwisho wangejifunza kwa dada zao subira hiyo ya chetezo.

Wanawake wa pwani wanaoshika adabu ya dini huyaweka manukato mazito ndani ya nyumba na katika shughuli zao wenyewe, na wakipita njiani huacha harufu nyumbani. Lau tungekipima kipimo chao kwa hatua zetu, tungeona ni kile kile: udi una mahali ulipokusudiwa, na njia kuu si mahali hapo.

Ijumaa na Idd zina hukumu ya kati. Kuoga na kujitia manukato kwa ajili ya msikiti ni jambo la sunna lijulikanalo na kila mtoto wa chuoni, lakini safu ya sala ni bega kwa bega, na jirani yako hawezi kusogea mpaka imamu atoe salamu. Kwa Ijumaa ya kawaida mimi huchukua sandali. Kwa Idd, ambayo husaliwa mara nyingi uwanjani penye upepo, huchukua udi, tone moja nyuma ya kila sikio.

Ofisini, na hasa ofisi yenye kiyoyozi ambamo hewa ile ile huzunguka tangu asubuhi, ni sandali bila shaka yoyote. Kadhalika katika daladala au matatu ya saa moja asubuhi, ambamo hakuna hatua hata moja baina ya watu, na huenda anayebanwa nawe ni mjamzito ambaye tumbo lake halijakubali chai, sembuse zafarani.

Hospitali nimeiacha peke yake kwa sababu nina deni nayo. Miaka iliyopita nilikwenda kumzuru shangazi yangu aliyekuwa amelazwa kifua kikimbana, nami nilikuwa nimetoka moja kwa moja katika akdi ya rafiki, kanzu yangu ikiwa imefukizwa tangu jana yake. Nilimwambia, "Shikamoo, shangazi," nikainama nimbusu mkono. Akaitika marahaba, kisha akageuza uso ukutani, akakohoa muda mrefu, na alipopata pumzi akasema polepole, kwa ile heshima ya watu wa kale ambayo haitaki kumwumiza aliyekosea, "Mwanangu, simama pale dirishani, nikuone vizuri." Nilisimama dirishani muda wote wa maongezi. Tangu siku hiyo siendi kwa mgonjwa na marashi yoyote, hata sandali. Sabuni na maji hutosha.

Matanga nayo hutaka uangalifu wa namna yake, maana udi na ubani hufukizwa nyumba ya msiba kama unavyofukizwa nyumba ya arusi, na harufu hiyo ni ya nyumba, si yako. Ukija umevaa udi wako mwenyewe wenye zafarani umeleta sherehe juu ya huzuni. Tena jihadhari na chupa yoyote yenye ubaridi wa karafuu maiti, ambayo sisi tumeizoea katika maji na sanda ya marehemu. Mgeni kutoka ng'ambo atasema inaburudisha, lakini pua ya mzee wa kipwani itasikia kaburi, hata kama uko karamuni. Aliye katika ihramu havai chochote, na mjane aliye katika eda huyaacha manukato miezi 4 na siku 10.

Kabla hujalipa

Muuzaji mzuri hatakasirika ukichukua muda wako. Mambo haya nayaona ya lazima:

- Usinuse zaidi ya aina tatu kwa siku moja. Pua huchoka upesi, na ya nne hunuka kama mchanganyiko wa zote.
- Paka kwenye ngozi yako, siyo kwenye karatasi wala mkono wa muuzaji. Ngozi kavu hunywa marashi upesi, na ya mafuta hukaa nayo.
- Usisugue vifundo vya mikono pamoja. Acha pakauke penyewe.
- Ondoka dukani. Utembee juani, unywe kahawa, urudi baada ya saa 2.

Sababu ya hilo la mwisho ni kwamba marashi hayavukizwi yote kwa mara moja. Kwanza hupaa vilivyo vyepesi: iliki, na spiriti kama imo. Halafu hufunguka viungo vizito, karafuu na mdalasini. Mwisho hubaki mti peke yake, nao ndio utakaoishi nao mpaka usiku. Watu wengi hulipa kwa sababu ya dakika tano za mwanzo, kisha hukaa saa nane na mgeni wasiyempenda.

Jambo jingine ni kwamba pua humzoea mwenyewe. Baada ya nusu saa hutausikia udi wako, nawe utadhani umekwisha, utaongeza. Ilhali wenzako wanausikia tangu mlangoni. Muulize mtu wa nyumbani kwako, yule asiyekuogopa.

Kuvaa yote mawili

Huulizwa pia kama inafaa kuchanganya. Inafaa, na maharusi wetu walifanya hivyo kabla ya maduka haya: liwa mwilini, udi nguoni. Ukifuata utaratibu huo, ngozi kwanza na nguo baadaye, kila harufu hukaa katika umbali wake, na atakayekuja karibu atapita katika moja kabla ya kuifikia nyingine. Kumwaga mafuta yote mawili mahali pamoja ni jambo jingine. Udi utaimeza sandali, na fedha yako ya pili itakuwa imepotea.

Shangazi yangu alipona kifua kile, akaishi, na miaka michache baadaye akafiwa na mumewe. Alikaa eda yake yote ndani, na siku ilipokwisha nilimpelekea zawadi ya chupa mbili kama hizi tulizozishika, nikamwekea mbele juu ya mkeka, nikiamini kwamba baada ya miezi yote hiyo angeutaka udi, aliokuwa akiupenda tangu ujana wake. Aliufungua, akaunusa kwa mbali, akaufunga tena na kuuweka juu ya rafu ya kabati.

"Huu ni wa wageni, mwanangu," akasema. "Utangoja."

Kisha akachukua ile ya sandali, akatia tone moja kifundoni mwa mkono, akaweka mkono huo juu ya mto aliokuwa ameuegemea, na tukaendelea na mazungumzo yetu. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, wala sikusikia harufu yoyote.